Kile Kipande cha Kiwandani

Nkoaranga, Jumapili mchana.

Mwanangu Aikaeli, mama yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako anakusalimu. Ninapoandika yuko nyuma ya nyumba anashona mkanda wa begi lako kubwa kwa uzi wa gunia, maana anasema mikanda ya siku hizi haifiki hata Moshi, sembuse Mbeya. Bibi yako Nderesi anakusalimu sana, anauliza kama huko Mbeya watu wanakula ndizi, na kama hawali wanaishije. Nimemwambia wanalima nyingi tu, hakuamini, anasema zitakuwa ndizi za namna nyingine. Mdogo wako Martha anakusalimu. Tangu asubuhi anaingia chooni kulia akidhani hatumsikii, halafu anatoka anasema ni moshi, na jiko lenyewe halijawashwa. Shangazi yako wa Engutoto anakusalimu, ingawa ndiko ulikokwenda sasa hivi kumuaga. Mama mchungaji anakusalimu, na kina mama wote wa kwaya. Ng'ombe wetu Kidoti hajambo, bado anapiga teke upande wa kushoto. Sisi sote wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali.

Utacheka. Unasalimiwa kama mtu aliyekwishakaa mwaka mzima ugenini, na viatu vyako viko hapa mlangoni nikiviona. Lakini barua hii utaisoma huko, basi nimeanza kukuona uko huko tayari. Nimeiandika kwenye daftari la Martha la hesabu, usijali hiyo mistari ya mraba. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la saba la zamani, na mkono uliozoea panga.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutokaa dirishani kwenye basi, sitaziandika. Umezisikia tangu ulipopata nafasi ya chuo, mpaka ukawa unazimalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Barua hii ina jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo wiki mbili nikashindwa. Juzi nilikufuata bandani, nikakuita, "Aika." Ukasema, "Abee mama." Nikasimama pale. Nikasema, "Mwongeze Kidoti majani." Kidoti alikuwa na majani mpaka shingoni. Ukaniangalia, ukamwongeza.

Jambo lenyewe ni ile Jumamosi, na ule waya wa laptop.

Nitaandika tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikianza katikati nitaruka mahali kwa woga.

Ile laptop aliyokuachia yule mgeni wa hospitali, kwa kuwa ulikuwa ukimtafsiria kina mama wa huku juu wasiojua Kiswahili, ilipoingia humu ndani nilifurahi. Nakuapia nilifurahi. Niliishonea na kitambaa cha kufunikia, kile cha maua. Haikunitisha. Kilichonitisha ni siku ile barua ya chuo ilipokuja, ikasema kila mwanafunzi wa kompyuta aje na yake. Ulikuwa umeikumbatia laptop kifuani kama mtoto mchanga, ukasema huku unacheka, "Mama, bila hii siendi. Ikifa hii nangoja mwaka mwingine." Baba yako alicheka. Martha alicheka. Mimi sikucheka. Neno hilo nililichukua nikaliweka.

Basi ikaanza kuugua. Zile flashi za kule intaneti kafe mjini ziliiletea virusi, ikawa unaiwasha, unakwenda kukamua, unarudi bado inawaza. Yule jamaa wa kafe akakupa sidii ya Linux, ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akakuambia hii haisumbuliwi na virusi vile, ni bure, na huko chuoni ndiyo watakayokufundishia. Ukarudi nyumbani unaruka. Nakumbuka ulivyomwiga, "Dada, wewe futa yote, anza upya! Kile kipande cha kiwandani kinakula nafasi bure." Halafu ukatuambia hutafuta yote. Baba yako akauliza kwa nini. Ukasema kwenye hiyo laptop kuna kipande kidogo kimefichwa tangu kiwandani, ndani yake imewekwa ile Windows ya kwanza, nzima, haijaguswa na mtu, ili siku mambo yakiharibika uweze kurudi. Ukasema ukifuta hicho umekata njia. Utaweka Linux pembeni, Windows utaipunguza isogee, na kile kipande kitabaki mahali pake.

Nilikuwa nachambua maharage. Nilisikia yote.

Jumamosi ile ukaiweka pale mezani, ukaichomeka, kwa kuwa betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Ukahamisha madaftari yako kwenye flashi. Ukaweka sidii. Mchana ule tulikuwa wawili tu nyumbani, Martha alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya ubarikio, baba yako na bibi walikuwa shambani. Ukaja jikoni ukasema, "Mama, sasa hivi inapunguza ile sehemu ya Windows. Hapa ndipo pabaya. Mtu asiguse waya kabisa, ikizimika katikati imekufa. Naenda kuchota maji, narudi sasa hivi."

Nikasema, "Haya mama, nenda."

Ukaenda. Nikakusikia unaimba njiani kuelekea bombani.

Aika, nilikuambia kwamba nilisahau. Nilikuambia nilitaka kupiga pasi vitenge vya kwaya, nikachomoa bila kufikiri. Mpaka leo baba yako anajua hivyo, bibi anajua hivyo, na mama mchungaji nimemwambia hivyo.

Sikusahau. Pasi niliichukua kwanza, nikasimama nayo mbele ya soketi, nikasubiri. Kwenye kioo cha ile laptop kulikuwa na mstari unajaa polepole, ulikuwa haujafika hata nusu. Nikauangalia. Nikajua nafanya nini. Mkono ukachomoa. Kisha nikachomeka pasi, nikaanza kunyoosha kitenge, na nakwambia nilikinyoosha vizuri, mikunjo yote, mpaka uliporudi na ndoo.

Hukupiga kelele. Uliweka ndoo chini taratibu. Ukauona waya sakafuni, ukaiona pasi. Ukasema, "Mama."

Nikasema, "Nini tena?"

"Mama, nilikuambia."

"Uliniambia nini? Mimi na mambo yenu ya mashine! Nimesahau, basi. Kwani vitenge hivi vya kesho vitajipiga pasi vyenyewe?"

Ukaiwasha. Ikaleta maandishi meupe kwenye weusi, mstari mmoja, ikanyamaza. Ukaiwasha tena, vilevile. Ndipo ukageuka ukasema lile neno: "Mama, wewe hutaki niende. Sema tu."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, mwanangu. Ulikuwa umenifungulia mlango wewe mwenyewe, ilibaki nipite. Badala yake nikapandisha sauti mpaka majirani wakasimama kwenye mgomba. Nikasema, mimi? Mimi niliyebeba ndizi kichwani mpaka sokoni Maji ya Chai ili usome? Mimi ndiye nikuharibie? Mtoto wa kunizaa mwenyewe anasimama mbele yangu ananiita mchawi! Neno mchawi hukulisema. Nililitoa mimi, nikakuwekea mdomoni.

Ukapiga magoti. Palepale, kwenye maji yaliyomwagika kutoka kwenye ndoo. Ukasema, "Nisamehe mama, nimekosa adabu, nimesema kwa hasira." Na mimi nikakunyooshea mkono kama mtu mkubwa, nikasema, "Haya, yamekwisha."

Uliniomba radhi kwa kusema kweli. Hiyo ndiyo inayonichosha. Kazi nimezizoea, mgongo nimeuzoea, lakini hiyo tangu siku ile nikiinama kufagia naiona, magoti yako na yale maji.

Baba yako alipofika ulikuwa umekaa mbele ya ile laptop, macho makavu. Akauliza imekuwaje, nikajibu mimi haraka kabla yako. Ukamwambia, "Baba, Windows imekufa, lakini nataka kujaribu kile kipande." Ukaiwasha ukiwa umeshikilia kile kitufe cha juu, mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikaandika maneno, ukashika mdomo. Ukasema, "Kipo! Kipo, hakikuguswa!" Ukasema itafanya kazi saa kadhaa, isizimwe. Baba yako akachukua kigoda, akakaa kando ya soketi na fimbo yake ya kuchungia. Bibi alipopita, baba yako akamwambia, "Mama, zunguka kule." Bibi akasema, "Kwani umeajiriwa na serikali?" Akajibu, "Atakayegusa waya huu namtandika, hata akiwa askofu." Mkacheka. Ulicheka hata wewe. Mimi nilikuwa mlangoni, nikajua ile fimbo hajui anamlindia nani.

Kufika saa ya kukamua ikawaka, nyeupe, safi, kama ndiyo kwanza inatolewa kwenye boksi. Ilikuwa haimjui mtu. Nilimshukuru Mungu, na hapo sisemi uongo, maana nilikuwa nimekwisha kuogopa nilichofanya.

Ulipoirudia kazi ile wiki iliyofuata, uliniita. Ungeweza kunifukuza chumba kizima, lakini ukasema, "Njoo mama, kaa hapa, uone mwenyewe, hakuna maajabu." Ukanionyesha ile picha, diski imechorwa kama ukanda mrefu wa rangi. Ukasema, "Angalia, hii ni kama shamba letu la kihamba. Hapa Windows analima. Hapa namkatia Linux. Na hapa mwishoni, hiki kidogo, hatukigusi." Nikakuuliza, "Na masale ya mpakani nani ameyapanda?" Ukacheka, ukasema masale yake ni namba. Ukanionyesha lile swali la Linux, kwamba sehemu ya kwanza kabisa inauliza kama ufute diski yote, na wengi wanabonyeza hiyo kwa kuwa iko juu na ni rahisi. Wewe ukashuka chini, ukachagua ya kugawa mwenyewe, ukasoma kila namba mara mbili kwa kidole, kama bibi anavyosoma Zaburi. Mkono wangu niliukalia, Aika. Kweli, niliukalia kwenye kiti mpaka ukafa ganzi.

Ilipokwisha, ukaizima ukaiwasha, ikaleta mistari mitatu. Linux. Windows. Na wa tatu wa kile kipande. Ukasema, "Huu wa tatu mtu asiubonyeze kwa kuchezea. Unarudisha yote kama yalivyotoka kiwandani, lakini yaliyowekwa baadaye yote yanakwenda."

Nilikuwa nafikiria hayo yaliyokwenda. Nilijua madaftari yako yalikuwa kwenye flashi, nikajipa moyo kwamba basi hakuna kilichopotea, ni muda tu. Mpaka Jumapili ile tunatoka kanisani, baba yako ananiambia tukiwa kwenye ule mteremko, "Unajua kuna kitu hakuwa amekihamisha?"

Nikasema, "Nini?"

"Sauti yako. Alikuwa anakurekodi jikoni, ameiweka laptop juu ya kabati, wewe unamenya ndizi huku unabishana na mama yangu. Aliniambia alikuwa na kama saa nzima. Alisema kule Mbeya akikosa usingizi atawasikiliza mnavyogombana."

Nikamwuliza mbona Aika hajasema. Akajibu, "Alisema usiambiwe, utajilaumu kwa kusahau kwako."

Sikumaliza ule mteremko vizuri. Nilimwambia ni viatu.

Sasa nikuambie kuhusu mama yangu, yule marehemu, uliyepewa jina lake. Ninakuita mama yangu kila siku, na hujawahi kuniuliza kwa nini hakuna hata picha yake moja humu ndani.

Nilipomaliza la saba kule kwetu Machame sikuchaguliwa, lakini mwalimu mmoja aliniandikia kwenye kituo cha kanisa cha kufundisha ushonaji, huko Moshi. Nikangoja majibu. Nikangoja mpaka mvua ikapita. Nikajua nimekataliwa. Siku moja nimepanda darini juu ya jiko kutafuta mbegu za maharage, nikaikuta barua, imechomekwa kwenye nyasi, nyeusi kwa moshi. Nilikuwa nimekubaliwa. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita kitambo.

Nikashuka nayo. Mama alikuwa anakoroga chungu cha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Akaiona mkononi mwangu, wala hakukana. Akasema, "Ungekwenda, majani ya ng'ombe angenikatia nani?" Basi. Alikuwa mjane, na majani tulikuwa tunayafuata tambarare, mzigo wa kichwani, nenda rudi kutwa nzima. Sasa ninaelewa. Siku ile sikuelewa, nikamwambia neno ambalo sitaliandika lote, kwamba kuanzia leo mimi sina mama, nimezaliwa na huyo ng'ombe wake. Nikaondoka na gauni moja. Nikaja Arusha, nikafua nguo za watu pale Engutoto, ndipo nikakutana na shangazi yako, na kwa shangazi yako nikakutana na baba yako. Miaka saba sikutuma salamu. Watu wa kwetu nikiwaona sokoni nazunguka upande wa pili wa vitunguu.

Nikiwa na mimba yako, akaja mjomba wangu. Nilikuwa naosha vyombo hapo nje. Akatoa kwenye koti jani la isale, limefungwa fundo, la kijani kabisa, akasema, "Dada yangu amekosa. Anakuomba."

Nyie watoto wa sasa mnayaona masale kwenye mipaka tu. Kwetu mtu akikuletea isale lililofungwa fundo, ni kwamba amejishusha mpaka chini, na hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea. Hakuna anayelirudisha. Sijawahi kusikia aliyelirudisha, kabla yangu.

Mimi nilikuwa nimeokoka karibuni, nilikuwa na moto sana. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasema, "Mjomba, sisi mambo ya majani tumeyaacha. Kama mama ana neno, aje alitubu kanisani." Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, umeliona ni isale?" Nikasema nimeliona. Akasema, "Basi nitaliacha hapa. Mimi siwezi kurudi nalo." Akalichomeka kwenye tawi la mbuni wa kahawa, pale pale, akaondoka bila kunywa chai. Lilikaa kwenye lile tawi likawa la njano, likawa la kahawia, na mimi kila siku nilikuwa napita chini yake nikianika nguo. Wokovu haukuwa na kosa lolote. Nilijificha tu nyuma yake, kwa sababu nilikuwa bado nataka aumie.

Ulikuwa na miezi minne alipofariki. Nilifika wameshamfunika. Mjomba alinipa jembe nami nitupie udongo. Wakati wa kurudi nikang'oa kichipukizi kimoja cha isale kwenye mpaka wake, nikakifunga kwenye ile kanga niliyokubebea, nikakipanda hapa nyuma ya jiko. Ni lile lile mlilokuwa mkichuma majani yake kuchezea, mimi nawachapa, na mnalia mnauliza jani tu mama, jani tu. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Na ulikuwa bado hujabatizwa, nikamwomba bibi Nderesi, ambaye kwa desturi ndiye ungepewa jina lake, nikupe la mama yangu, akasema, "Mpe huyo marehemu. Mimi bado nipo, nitaitwa vya kutosha."

Unaona sasa. Aliyefichiwa barua darini ndiye aliyechomoa waya. Nilikuwa na uchungu wote ule, miaka yote ile, nilidhani umenifundisha, kumbe ulikuwa umekaa tu ukingoja zamu yangu. Na mimi nilikuwa na neno langu la majani ya ng'ombe. Nilikuwa nikijisemea, akienda Aika, ndizi atanisaidia nani kuzishusha, bibi anazeeka, Martha mdogo, baba yenu kifua. Yote kweli. Lakini sababu ya kweli ni ndogo kuliko hizo, na aibu yake ni kubwa. Niliogopa ukifika huko utakuwa mtu wa kuonea haya mikono yangu.

Nilipotoka Machame mimi nilibonyeza lile la juu kabisa. Nilifuta yote, na nilijisifu. Sikuacha hata kipande cha kunirudisha, na cha kwake alichoniletea kikakaukia kwenye mbuni. Kwa hiyo nilipokuona unasoma zile namba kwa kidole, kulinda kitu kidogo ambacho hata hukitumii, nilitaka kulia mbele yako. Hukufundishwa na mimi hilo. Sijui ulilitoa wapi.

Usidhani ninakuomba ubonyeze ule mstari wa tatu. Umeniambia mwenyewe, ukiuita huo, yaliyofuata yote yanapotea, na mimi sitaki yapotee. Sitaki uniwaze kama yule mama wa kabla ya ile Jumamosi. Nijue tu nilivyo. Mimi ni mama yako, nilichomoa waya makusudi, nikakudanganya, nikakuacha upige magoti. Baba yako nitamwambia kesho tukitoka kukupakia, kwa mdomo wangu, ili usibaki na mzigo wa kunifichia.

Fungua mfuko wa pembeni wa begi la laptop, nyuma ya ile sidii. Kuna kitu kimefungwa kwenye kile kitambaa cha maua. Nimekikata leo asubuhi kutoka kwenye lile isale la mama yangu, nyuma ya jiko, nikafunga fundo mwenyewe. Mara ya kwanza halikukaa sawa, nikafungua nikafunga tena. Likifika limenyauka kidogo ni safari, si ubaya. Ungekuwa mtu mwingine ningemtuma mjomba, lakini mjomba hayupo tena, na sikuona wa kumtuma kwako ila mimi mwenyewe kwa karatasi hii.

Ukilirudisha nitaelewa. Mimi ndiye mtu mmoja ninayejua linavyorudishwa.

Nakusikia unapiga hodi kwa jirani hapo juu, umeshafika. Bibi anauliza nani amechukua kisu cha ndizi. Nimalize.

Kuhusu ile sauti yangu, ukija likizo iweke hiyo laptop juu ya kabati, nitagombana na bibi yako utakavyo, na waya nitaulinda kwa fimbo ya baba yako. Usisafiri na hasira tumboni, inakausha. Ona, nimeanza kukuagiza.

Ukifika Mbeya usihangaike kunipigia, nikisikia sauti yako nitalia na vocha yako itaishia kwenye kilio. Nibipu tu. Mara moja, nitajua basi limefika na wewe ni mzima. Na ukishafungua kile kitambaa, ukaona moyo wako umelipokea, nibipu mara ya pili. Sitapokea. Simu nitakuwa nayo kifuani, hata bandani, hata kanisani, mama mchungaji atanisamehe. Ikilia mara moja tu nitasema asante Mungu amefika, nitaendelea na kazi, na nitaendelea kungoja. Lakini usikawie sana, mama yangu. Nimechoka kupita chini ya lile tawi.

Ni mimi mama yako,
Mama Aika.